Bwana Msa Anayeahirishwa: Namna ya Kuuanza Mfululizo wa Muhammed Said Abdulla

Mwalimu mwenzangu, kila unapofunza aina za riwaya huna budi kuitaja riwaya ya upelelezi, na ukishaitaja huna budi kuitolea mfano. Aghalabu mfano wenyewe huwa ule ule: Mzimu wa Watu wa Kale. Wanafunzi wanauandika, unaingia katika riwaya ya kihistoria, na kengele inalia. Makala haya yanataka kukuuliza swali moja tu: riwaya hiyo umeisoma? Na ikiwa umeisoma, zile sita zilizoifuata je?

Nimewauliza walimu wengi swali hili katika semina na katika vyumba vya walimu. Jibu ninalolipata si kwamba hawazitaki. Ni kwamba watazianza. Watazianza likizo ya Aprili, au baada ya kusahihisha mitihani ya mwigo, au watakapopata kitabu cha kwanza ili waende kwa utaratibu. Ni mfululizo ambao sote tunaujua kwa jina, tunaufunza kwa jina, na tunaendelea kuuahirisha. Matokeo yake tunayaona katika insha za wanafunzi. Mwanafunzi anaandika kwa ujasiri kwamba "Bwana Msa ni mhusika bapa" kwa sababu mwongozo fulani umesema hivyo, naye mwalimu anatia alama ya vema kwa sababu na yeye aliusoma mwongozo huo huo. Hapo hakuna uhakiki. Pana watu wawili wanaokubaliana kuhusu mtu ambaye hakuna kati yao aliyewahi kukutana naye.

Kwanza tuufahamu mfululizo wenyewe. Muhammed Said Abdulla alizaliwa Makunduchi, Unguja, mwaka 1918. Kabla ya kuwa mwandishi wa habari alikuwa mkaguzi wa afya, kazi ya kuingia katika nyumba za watu na kutazama kile ambacho wenyewe wasingependa kitazamwe. (Sidai kwamba Bwana Msa alizaliwa katika kazi hiyo, lakini inamstahiki.) Baadaye alikuwa mhariri wa gazeti huko Zanzibar, na kutoka 1958 akawa mhariri msaidizi wa Mkulima, jarida la kilimo la Tanganyika, hadi alipostaafu mwaka 1968. Mzimu wa Watu wa Kale ilipata tuzo ya kwanza katika shindano la uandishi wa hadithi za Kiswahili lililoendeshwa na East African Literature Bureau mwaka 1957 na 1958, ikachapishwa mwaka 1960. Kisima cha Giningi ilitoka mwaka 1968. Kisha mzee akiwa amestaafu kalamu ikafunguka: Duniani Kuna Watu mwaka 1973, Siri ya Sifuri 1974, Mke Mmoja Waume Watatu 1975 na Mwana wa Yungi Hulewa 1976. Ya mwisho, Kosa la Bwana Msa, ilitoka mwaka 1984. Mwandishi alifariki mwaka 1991.

Riwaya saba, basi, katika muda wa miaka 24, na nne kati yake katika miaka minne. Hii si kazi ya kumtisha msomaji. Sherlock Holmes, ambaye wahakiki wengi humwona kuwa ndiye kielelezo alichotumia Abdulla kumwumba Bwana Msa, ana riwaya nne na hadithi fupi 56.

Sasa tuje kwenye kizuizi ninachokisikia zaidi ya vingine vyote: "Sina kitabu cha kwanza." Hapa ni muhimu tutenganishe aina mbili za mfululizo, maana tofauti yake haifafanuliwi sana katika vitabu vyetu vya fasihi. Upo mfululizo ambamo kisa ni kimoja kilichokatwa vipande; kitabu cha pili kinaanzia palipoishia cha kwanza, na anayeruka kimoja anapotea njia. Upo pia mfululizo ambamo kinachodumu ni mhusika tu. Kisa kinaanza na kumalizika ndani ya jalada moja, kisha mhusika yule yule anaitwa tena kwa kisa kingine kipya. Riwaya za Bwana Msa ni za aina hii ya pili. Kila moja inasimama kwa miguu yake. Kwa hiyo hoja ya kusubiri kitabu cha kwanza haina mashiko, na mwenye Siri ya Sifuri mkononi hana sababu ya kuilaza rafuni.

Hata hivyo, ikiwa una hiari ya kuchagua, ushauri wangu ni kwamba usianze na Mzimu. Anza na Kisima cha Giningi.

Sababu yangu ni jina lenyewe. Katika imani za Visiwani, Giningi ni mahali pa wachawi, makao yao yasiyoonekana kwa macho ya kawaida. Kwa walimu wa Kenya jina hili si geni. Said Ahmed Mohamed alilitumia katika tamthilia ya Kivuli Kinaishi, ambamo Giningi ni nchi inayotawaliwa na Bi Kirembwe, na wengi wetu tumeifunza au kufunzwa tamthilia hiyo. Waandishi wawili wa Visiwani, basi, wamechota katika kisima kimoja. Mmoja anaichukua imani ya uchawi na kuigeuza kuwa istiara ya utawala unaowapumbaza raia wake. Mwingine anaiweka kwenye jalada kama mtego. Msomaji anaingia akitarajia wachawi, na mwandishi anamwongoza hatua kwa hatua kuelekea kwa binadamu wenye tamaa, hofu na siri zao. Ukitaka swali la kulinganisha kazi mbili ambalo mwanafunzi hawezi kulinakili mwongozoni, hilo hapo.

Mbinu hiyo ndiyo uti wa mgongo wa mfululizo mzima, na ndiyo inayomtofautisha Abdulla na wale waliokuja kuandika riwaya pendwa baada yake. Tazama majina: mzimu, Giningi, yungi. Kila mara umma umekwisha kupata maelezo kabla uchunguzi haujaanza, na maelezo hayo ni ya mizimu na mashetani. Kazi ya Bwana Msa ni kukataa kuyapokea kwa kuwa tu yanasemwa na wengi. Yeye si polisi. Mkono wa sheria katika riwaya hizi ni Spekta Seif. Bwana Msa ni raia anayefikiri. Nguvu yake yote ni ya kutazama, kusikiliza na kuunganisha. Linganisha na Willy Gamba wa Elvis Musiba au Joram Kiango wa Ben Mtobwa, ambao kwao hatari ni bastola na mbio. Kwa Bwana Msa mapigano makubwa hufanyika mtu akiwa ameketi, katika mazungumzo.

Kutoka Kisima, rudi nyuma uisome Mzimu. Utaiona kuwa nyepesi zaidi kimsuko, na utafurahi kuona jinsi mwandishi alivyokomaa kati ya 1960 na 1968. Kisha nenda Duniani Kuna Watu. Hapa jiandae. Msuko unachangamana, mafumbo ya nasaba yanachukua nafasi kubwa, na swali la msomaji linahama kutoka "nani alifanya?" hadi "huyu ni nani hasa?" Andika majina ya wahusika kwenye karatasi kadiri unavyosoma. Hilo si jambo la kuonea haya. Tatu zinazofuata zisome kwa mpango wowote utakaokuwezekania.

Kosa la Bwana Msa iache iwe ya mwisho. Huu ndio mpangilio pekee ninaoushikilia, nao hautokani na mwendelezo wa kisa. Unatokana na jina. Neno "kosa" halina uzito kwa msomaji asiyemjua mwenye kukosa. Linahitaji uwe umekwisha kuzoea, kitabu baada ya kitabu, kwamba mtu huyu hakosei.

Nirudi kwenye suala la mhusika bapa. Mwanafunzi mmoja wa kidato cha tatu aliniuliza darasani: "Mwalimu, mbona miaka yote hiyo Bwana Msa hazeeki?" Ni swali zuri kuliko mengi yaliyomo katika vitabu vya marudio. Hazeeki kwa sababu mfululizo wa aina hii hauwezi kumudu mabadiliko ya shujaa wake. Msomaji anarudi kwa kuwa anamjua. Conan Doyle alipomwua Holmes mwaka 1893 wasomaji walighadhibika, na hatimaye mwaka 1903 akamrudisha. Kwa hivyo kusema tu kwamba Bwana Msa habadiliki ni kutaja kanuni ya utanzu kana kwamba ni udhaifu wa mwandishi. Swali la kihakiki ni je, ikiwa shujaa habadiliki, ni nini kinachobadilika? Kinachobadilika ni ujuzi wa msomaji, na anayekupima ujuzi huo ni Najum, mwandani wa Bwana Msa. Mtazame Najum kwa makini. Kupitia kwake tunauliza yale ambayo tungeuliza wenyewe, na kwa kuwa yupo Bwana Msa analazimika kueleza. Bila mhusika wa namna hiyo upelelezi ungefanyika kimya ndani ya kichwa cha mtu mmoja, nasi tungebaki nje mlangoni.

Simwekei Abdulla kinga. Lipo jambo linalonisumbua, na ukisoma zaidi ya kitabu kimoja litakusumbua na wewe. Riwaya sita kati ya saba zilitoka baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, lakini dunia yake inabaki kuwa ile ya Unguja ya kabla, yenye mashamba na watu wenye nafasi, na matabaka hayatiliwi shaka sana. Weka kando yake Kasri ya Mwinyi Fuad ya Shafi Adam Shafi, iliyotoka mwaka 1978, miaka miwili tu baada ya Mwana wa Yungi Hulewa. Kisiwa ni kile kile. Jicho ni jingine kabisa. Wapo wanaomlaumu Abdulla kwa ukimya huo. Mimi naona lawama hiyo ina haki yake, ila mara nyingi hutolewa na watu wasiomsoma. Kuna aina ya uhuru wa fikra katika kumfunza msomaji asikubali jambo kwa kuwa tu watu wote wanalisema, nao unaingia hata katika hadithi isiyotaja siasa. Je, unatosha? Waachie kidato cha nne walijadili.

Kuhusu lugha, nitakuwa mkweli: mwanafunzi wa Kitui au Bomet ataona ugumu. Hiki ni Kiswahili cha Unguja kinachozungumzwa na watu waliozaliwa nacho, na mwandishi hasimami kumfasiria mgeni. Usiwape wanafunzi kitabu kizima siku ya kwanza. Chukua sura mbili za mwanzo uwasomee kwa sauti, maana majibizano yakisomwa kwa sauti yanajieleza nusu. Orodhesha msamiati baadaye, si kabla.

Nakala si nyingi madukani. Tafuta kwanza katika maktaba ya shule, kwenye makabati ya nyuma. Mahali pengi zimo, zimefunikwa na miongozo ya miaka iliyopita. Wauzaji wa vitabu vya mitumba jijini nao huwa nazo mara kwa mara, wala hawajui thamani yake.

Ukiwa na nakala moja tu, inatosha kwa darasa la wanafunzi 45. Soma sura moja kila Ijumaa katika dakika kumi za mwisho. Kila mwanafunzi awe na ukurasa aliougawa mara mbili: upande mmoja vidokezo, upande wa pili mtu anayemshuku na sababu yake. Taharuki, mbinu rejeshi na kiangaza mbele zitajifunza zenyewe humo, kwa kuwa mwanafunzi atazihitaji ili kushinda ubishi. Kabla ya sura ya mwisho kusanya karatasi zote na uzifungie. Sura hiyo usiisome Ijumaa hiyo. Waache waende nayo wikendi.