Je, Wajua? Waya Unaojipima Joto Wenyewe

Je, wajua kwamba sigara ya kielektroniki, ile ambayo vijana wa mjini huiita vepu, haina kipimajoto ndani yake, lakini zipo zinazoandika kwenye kioo kuwa waya umefika nyuzi 220? Anayepima ni waya wenyewe. Nikeli ikipata moto ukinzani wake wa umeme hupanda, na kiwango cha kupanda kinajulikana: karibu asilimia 0.6 kwa kila nyuzijoto moja ya Selsiasi. Chipu husoma ukinzani, hupiga hesabu, basi.

Hesabu yenyewe hii hapa. Chukua waya wa nikeli wenye unene wa milimita 0.32 na urefu wa sentimita 10, uuzungushe kwenye msumari upate koili. Ukiwa kwenye nyuzi 20, ukinzani wake ni kama omu 0.12. Ukifika nyuzi 220 utasoma omu 0.26, zaidi ya maradufu. Waya wa kanthali, mchanganyiko wa chuma, kromiamu na alumini uliozoeleka kwenye vepu za kawaida, hautapanda hata asilimia moja katika joto hilohilo. Chipu itautazama na isiambulie kitu.

Mwaka 2014 kampuni ya Evolv ya Ohio, Marekani, ilitoa ubao wa DNA 40, unaopima joto kwa njia hiyo, na ghafla waya wa nikeli tupu ukawa mali ya kutafutwa. Hekima yenyewe ni ya zamani mno: William Siemens alipima joto kwa ukinzani wa platini tangu 1871.

Kwa nini mtu ahangaike na joto? Kwa sababu ya pamba. Koili huzungushiwa pamba iliyolowa kimiminika, na kimiminika kikikauka joto hupaa, pamba ikaungua. Ndani ya kimiminika hicho mna propilini glaikoli, inayochemka kwenye nyuzi 188, na glisarini, inayochemka kwenye 290. Ndiyo, glisarini hiyohiyo ambayo Sumbawanga nzima hujipaka Juni na Julai baridi inapopasua midomo. Ikipashwa kupita kiasi huvunjika na kutoa akrolini, kile kinachowasha macho mafuta ya kukaangia yanapoungua jikoni.

Na je, wajua kuwa Sumbawanga maji hayafiki nyuzi 100? Mji uko kama mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi. Maharage yanajua habari hiyo kuliko mwandishi. Kimiminika cha vepu nacho huchemka nyuzi kadhaa kabla ya kile cha Dar es Salaam.

Turudi kwenye waya: skurubu inayoshika koili ikilegea tu, hesabu yote huharibika. Ukinzani ukiongezeka kwa omu 0.02 kwenye koili yetu ya 0.12, chipu itadhani joto limepanda kama nyuzi 28, itakata umeme mapema, na mtu atalaumu betri. Kosa la upande wa pili ni baya zaidi: ukikiacha kifaa kisome koili ikiwa bado ya moto, kitachukulia moto ule kuwa ndio baridi, na joto la kweli litapita lile lililoandikwa.

Sasa tuje nyumbani. Ukipita vijijini Ufipa, mkoani Rukwa, iwe Kalambo au Nkasi upande wa kaskazini, uliza habari za malungu (likiwa moja, ilungu). Ni matanuri ya udongo ya kuyeyushia chuma, yenye kimo cha mita tatu hivi, na kilichowashangaza wageni ni kwamba hayakuvukutwa. Hakuna mivukuto, hakuna mtu anayetoka jasho kwa kupuliza. Mirija ya udongo ilipangwa chini kuzunguka tanuri, makaa na mawe ya chuma yakajazwa kutoka juu, na urefu wa tanuri wenyewe ukavuta hewa. Chuma hakitengani na jiwe lake bila joto linalozidi nyuzi 1,100, na wahunzi wa Kifipa walilipata bila kioo wala chipu. Chuma kilichotoka kilikuwa bado na takataka, kwa hiyo kiliingia kwenye tanuri dogo liitwalo kintengwe, na hapo sasa mivukuto ilifanya kazi. Mwisho wake ni jembe. Profesa Bertram Mapunda, mwanaakiolojia, aliyachunguza matanuri haya miaka ya 1990 na kuonyesha kuwa mwambao wa Ziwa Tanganyika una aina nyingine, katukutu, iliyo fupi. Kwa maoni yangu, mwanafunzi wa fizikia wa Rukwa angeanza na ilungu kabla ya kufungua kitabu.

Ukinzani wa chuma safi nao hupanda na joto karibu sawa na wa nikeli. Mbona basi hakitumiki? Kutu. Kiache ndani ya pamba iliyolowa uone.

Kaskazini ya Rukwa, Mpanda na hadi Tabora, mkulima wa tumbaku ya mvuke naye hulinda joto usiku kucha. Bani la kukaushia huanza kwenye nyuzi 35 hadi 40 majani yageuke njano, na humalizia kwenye 70 na kitu ili vikonyo vikauke. Akizidisha moto mapema, majani yanabaki na rangi ya kijani na bei inaanguka.

Nikeli unayo nyumbani tayari. Waya wa hita ya kuchemshia maji ya kuoga mara nyingi ni nikromu, nikeli na kromiamu, uliobuniwa na Albert Marsh mwaka 1905. Shilingi moja ya 1966, yenye sura ya Mwalimu Nyerere, ilikuwa ya shaba na nikeli. Na Kabanga, wilayani Ngara, kuna mwamba wenye nikeli ya karibu asilimia 2. Tembo Nickel, ambayo Serikali ina hisa asilimia 16 ndani yake, ilipata leseni ya kuchimba Oktoba 2021.

Turudi kwenye vepu. Sheria ya Tanzania ya bidhaa za tumbaku ni ya 2003, mwaka uleule ambao mfamasia wa China, Hon Lik, alibuni vepu ya kisasa. Uganda imepiga marufuku uuzaji wake kwa sheria ya 2015. Oman nayo imeipiga marufuku. Falme za Kiarabu zimeiruhusu tangu 2019.

Lililo zito ni hili. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani limeziweka kampaundi za nikeli katika kundi la vitu ambavyo imethibitika vinaleta saratani, na nikeli yenyewe katika kundi la vinavyoshukiwa. Mwaka 2018 watafiti wa Johns Hopkins walipima vifaa vya watumiaji 56 wa kila siku, wakakuta nikeli, kromiamu na risasi vimeingia kwenye mvuke kutoka kwenye koili. Anayewashwa na hereni au bizimu ya mkanda huenda ana mzio wa nikeli bila kujua. Mtu huyo asiuguse waya huu kabisa.

Kudhibiti joto huokoa pamba isiungue. Hakupunguzi nikotini hata tone, na chupa ndogo ya kimiminika chake inaweza kumuua mtoto akiinywa. Kama ipo nyumbani kwako, ifunge na uiweke mahali ambapo mkono wake haufiki, leo.