Usidhani Mwenzako Anajua Unachokijua

Mama mwenzangu, mtu aliyelijua jambo kwa muda mrefu husahau kwamba zamani hakulijua. Anapoeleza huruka hatua mbili tatu akidhani ziko wazi, kisha humlaumu msikilizaji kuwa ni mzito wa kuelewa.

Kosa hili laweza kugharimu uhai. Mwaka 1996 watafiti wa afya walichapisha mambo waliyoyakuta wilayani Bagamoyo. Wataalamu walijua kwamba degedege kwa mtoto mdogo mara nyingi ni malaria kali. Lakini kwa wazazi wengi, "homa ya malaria" ilikuwa homa ya kawaida, nalo degedege lilikuwa ugonjwa mwingine kabisa, wa kupelekwa kwa mganga wa jadi. Hivyo mama angeweza kusikiliza somo zima la malaria asione kuwa linamhusu mtoto wake anayekakamaa. Hakuwa mjinga. Hakuna aliyemuunganishia maneno hayo mawili.

Hata wasomi hunaswa. Mwaka 1990 huko Marekani, Elizabeth Newton wa Chuo Kikuu cha Stanford aliwapa watu nyimbo zinazojulikana, wagonge mdundo wake mezani ili wenzao wazitambue. Wagongaji walitazamia kwamba nusu zingetambuliwa. Kati ya nyimbo 120 zilitambuliwa 3 tu! Mgongaji alisikia wimbo kichwani mwake; mwenzake alisikia meza tu.

Hapa kwetu Tandahimba fikiria pakiti ya ORS ya mtoto anayeharisha. Muuguzi anasema, "Changanya na lita moja ya maji safi." Yeye anaiona chupa, mama anakiona kikombe chake cha nyumbani. Maji yakizidi, dawa hupungua nguvu. Yakipungua, na huku maji yamekuwa ya shida miaka mingi, chumvi huzidi na kumdhuru mtoto.

Nyumbani ni vivyo hivyo. Unamwambia binti, "Tenga korosho mbaya," nawe hujamwonyesha iliyo mbaya. Jioni unagomba.

Tufanyeje? Kwanza, anza na jina analolitumia mwenzako, hata kama ni la Kimakonde, kisha liunganishe na lako. Pili, onyesha kwa kitu: chupa mbili za nusu lita ni lita moja. Tatu, usiulize, "Umeelewa?" Kwa heshima atajibu ndiyo. Uliza, "Ukifika nyumbani, utamweleza bibi yake mtoto afanye nini?" Jibu lake litakuonyesha hatua uliyoiruka.

Nawe unayeelezwa, usione haya kusema, "Dada, rudia hapo." Na mtoto akishikwa na degedege, mpeleke kituo cha afya saa hiyo hiyo. Mwambie na jirani, ila usiishie kumwambia: msikilize naye akikueleza.