Usiulize Neno Peke Yake

Juma lililopita tulipotosha nyumba moja bila kukusudia. Mtoto wa mwaka wa tatu alitusimamisha mlangoni mwa darasa, kengele ikilia, akauliza: «Mwalimu, serumu ni nini?» Tukamjibu upesi: ni yale maji ya dawa ambayo waganga wanatundika juu ya kitanda na kuyapitisha katika mshipa wa mgonjwa. Akashukuru, akaenda.

Kumbe mama yake ndiye aliyemtuma. Mdogo wake alikuwa anahara tangu siku iliyotangulia, na kwenye kituo cha afya walimpa mama pakiti ya unga pamoja na karatasi. Aliposikia jibu letu, akaiweka ile pakiti pembeni, akaanza kuzunguka kutafuta feza za kumlaza mtoto. Jioni, jirani mmoja akaomba karatasi ile, akaisoma kwa sauti: «Changanya serumu yote ya pakiti hii katika litre moja ya maji safi. Mpe mtoto anywe kidogo kidogo, mara kwa mara. Inayobaki baada ya saa 24, imwage.» Mtoto akaanza kunywa usiku uleule. Tunamshukuru Mungu, amepona.

Kosa lilikuwa letu. Hatukumwuliza yule mtoto: «Umelisoma wapi?» Jibu lilikuwa palepale kwenye karatasi. Kitu kinachochanganywa na maji, tena mtoto anakinywa, hakiwezi kuwa kile kinachotundikwa juu ya kitanda.

Neno nalo lina majirani, na hao ndio wanaolijua. «Meza» peke yake, nani atasema ni nini? «Futa meza» ni jambo moja, «meza kidonge baada ya kula» ni lingine kabisa. Kifaransa ni vilevile. Siku moja tuliwapa watoto wachore sentensi iliyosema kwamba «avocat» ameingia tribinali. Mmoja akatuchorea avoka lenye miguu miwili, linapanda ngazi! Tulicheka wote, naye akacheka. Kisha tukamwuliza: nani huingia tribinali kumsemea mwenzake? Akachukua gome, akafuta.

Hata mama asiyejua Kifaransa anaweza kusaidia hapa. Mtoto akikwama, mwambie asome sentensi mpaka mwisho, na ile inayofuata, halafu akueleze kwa Kiswahili: ni nani, anafanya nini, wapi? Alichokisia akiweke mahali pa lile neno, asome tena. Sentensi ikikataa, atafute lingine. Ni dakika chache tu, sombe ikiwa motoni.

Lakini kuna mahali sentensi yenyewe inanyamaza. «Mpe kijiko kimoja mara tatu kwa siku.» Kijiko kipi? Kile kidogo cha chai kinabeba mililita 5, kile kikubwa cha supu mililita 15, yaani dawa mara tatu zaidi. Hapo usikisie hata kidogo, na wala usitume mtoto kwa mwalimu. Rudi na karatasi kwa muuguzi, akuonyeshe kijiko chenyewe.

Yule mtoto wetu sasa haji tena na neno moja. Jana alituletea karatasi nzima ya kufungia sabuni, tukaisoma naye pande zote mbili.