Kiinua mgongo kimeingia, kesho unaamkia wapi? Kazi ya pili kwa wa Unyambwa

KATA ya Unyambwa imo ndani ya Manispaa ya Singida, lakini maisha yake bado ni ya shamba kuliko ya mjini. Ni nchi ya Wanyaturu, ya mtama, uwele, mahindi na alizeti, na kuku hawakosekani uani. Ni mahali ambapo mtumishi aliyeondoka kijana, akaenda kufundisha mikoa ya mbali au kukaa kaunta ya ofisi Dar es Salaam, hurudi akiwa na miaka 60, barua ya kustaafu mkononi na swali ambalo hakuna chuo kilichomfundisha kulijibu: kesho asubuhi naamkia wapi?

Swali hilo si la mstaafu wa serikali peke yake. Fundi seremala aliyechoka mgongo analo. Mama aliyelea watoto saba mpaka wa mwisho akaolewa analo. Tofauti ni kwamba mstaafu hulikuta siku moja, tena akiwa na fedha benki, na hapo ndipo hatari ilipo.

Tuanze na fedha hizo. Kwa utumishi wa umma, kustaafu kwa hiari ni miaka 55 na kwa lazima ni 60. Mwaka 2018 mifuko ya PSPF, LAPF, PPF na GEPF iliunganishwa kuwa PSSSF, na kukaja kikokotoo kilichozua kelele nchi nzima mpaka Rais John Magufuli akakisimamisha Desemba mwaka huohuo. Julai 2022 kikaja kingine cha mkupuo wa asilimia 33. Katika bajeti ya mwaka 2024, kundi lililokuwa likipata asilimia 50 zamani likapandishwa hadi asilimia 40, na lile la asilimia 25 likapewa asilimia 35.

Mathalani, mwalimu aliyetumikia miaka 30, yaani miezi 360, na wastani wa mshahara wake ni Sh1,000,000 kwa mwezi. Mshahara wa mwaka ni Sh12,000,000. Zidisha kwa 360, gawa kwa 580, unapata kama Sh7,448,000. Ukizidisha kwa 12.5 na kuchukua asilimia 40, mkupuo ni kama Sh37,240,000. Pensheni ya kila mwezi inabaki kama Sh372,000. Chukua kalamu ufanye hesabu yako mwenyewe kabla shemeji hajakufanyia.

Milioni 37 kwa mtu ambaye hajawahi kushika zaidi ya milioni mbili kwa mpigo ni fedha za kutisha. Zinatosha kuanza kitu. Zinatosha pia kupotea ndani ya miezi sita: gari la biashara lililonunuliwa bila kumjua dereva, nyumba ya kupangisha iliyoishia kwenye linta, harusi ya mtoto iliyochangiwa kupita kiasi.

Halafu kuna matapeli. Mwaka 2009 watu waliokuwa 'wakipanda mbegu' DECI wakisubiri kuvuna walibaki wakilia. Miaka kumi baadaye ukaja mradi wa Mr Kuku, ambao mtu hakutakiwa hata kumwona kuku. Alitoa fedha, akaahidiwa faida. Mwaka 2020 mwenye mradi alifikishwa mahakamani Dar es Salaam. Inashangaza kwamba kuku, mfugo ambao kila bibi wa Singida anaufahamu, ndio uliotumika kuwanasa wasomi.

Kazi zinazokubaliana na umri

Mtu wa miaka 58 hawezi kushindana na kijana wa miaka 25 kwa jembe la mkono. Huo ndio ukweli, na mashamba mengi ya wastaafu hufa kwa sababu ya kuukataa. Lakini Singida ina bahati ya kuwa na kazi tatu ambazo zinataka macho na subira zaidi ya misuli.

Ya kwanza ni nyuki. Mzinga hauhitaji kupaliliwa. Unahitaji mtu wa kuutundika mahali palipo na kivuli, maji karibu na mbali na nyumba na njia ya watoto. Wa kupaka grisi kwenye nguzo au waya ili sisimizi wasipande. Na wa kujua siku ya kurina na siku ya kuacha. Mzinga mmoja wa kisasa unaotunzwa vizuri unaweza kutoa kilo 10 hadi 15 za asali kwa msimu, na baadhi hutoa zaidi. Hakuna sababu ya kuanza na mizinga 100. Anza na kumi, uone mingapi inaingiwa na nyuki, kwa maana si yote itakayoingiwa. Na mavazi ya kinga na bomba la moshi si vitu vya kuazima kwa jirani kila mara.

Ya pili ni alizeti, ambayo ni rafiki wa nyuki. Nyuki hubeba chavua toka ua hadi ua na mbegu hujaa vizuri zaidi, mradi usipulize dawa ya wadudu mchana maua yakiwa wazi. Kulima, kodi maksai. Panda kwa mstari, sentimeta 75 kati ya mistari na 30 kati ya mashimo. Wastani wa nchi umekuwa karibu tani moja kwa hekta, yaani kama kilo 400 kwa eka, na huo ndio wa kuandika kwenye daftari, si ule wa kwenye kipeperushi. Wale walioona kilimo cha matikiti kikitajirisha watu kwenye karatasi wanajua ninachosema.

Alizeti ina hatari yake pia. Nchi haijitoshelezi kwa mafuta ya kula, lakini ushuru wa mafuta yanayotoka nje ulipopunguzwa mwaka 2022, bei ya mbegu iliporomoka na wakulima wa Singida wakalalamika kwa haki. Ndiyo sababu mwenye pensheni ana nafasi nzuri kuliko jirani yake. Yeye anaweza kuhifadhi magunia mpaka bei ipande, kwa kuwa chakula cha mwezi huu hakitegemei gunia hilo. Anaweza pia kukamua, akauza mafuta na kubaki na mashudu ya kulishia mifugo.

Ya tatu ni kuku wa kienyeji, ambao jina la Singida limesafiri nao mpaka masoko ya Dar es Salaam. Wengi hapa huanguka kwa jambo moja: mdondo. Ugonjwa huo unaweza kufagia banda zima kwa wiki moja. Chanjo yake inayostahimili joto ni tone moja la jichoni, hurudiwa kila baada ya miezi mitatu, na bei yake kwa kuku mmoja ni ndogo mno ukilinganisha na kuku mwenyewe. Kazi ya kukumbuka tarehe hiyo ni ya mtu mwenye kalenda ukutani na muda wa kuitazama, na kwa hilo mwalimu mstaafu hana mpinzani.

Ujuzi hauzeeki haraka

Binafsi naona wastaafu wengi hukosea kudhani kwamba kazi mpya lazima ifute ile ya zamani. Karani wa fedha aliyefunga vitabu vya ofisi kwa miaka 30 ana kitu ambacho chama cha ushirika cha mazao kinakihitaji kuliko trekta: mweka hazina anayejua risiti ni nini. Sheria ya stakabadhi ghalani ilipitishwa mwaka 2005, na kila mazao yanapopitia ghala, makaratasi huongezeka. Mhudumu wa afya anaweza kupitia mafunzo na masharti ya duka la dawa muhimu, utaratibu ulioanzia Ruvuma mwaka 2003. Bwana shamba anaweza kufungua duka la pembejeo, na wateja watakuja na maswali kabla ya fedha.

Kuna na suala la heshima, ambalo halimo kwenye kikokotoo. Mtu aliyeitwa 'mwalimu' kwa miaka 35 akikaa barazani bila kazi huanza kuumwa magonjwa yasiyo na jina. Mwalimu Nyerere alipong'atuka urais mwaka 1985 akiwa na miaka 63 alirudi Butiama kulima. Mizengo Pinda, alipotoka uwaziri mkuu mwaka 2015, alionekana Zuzu, Dodoma, na mizinga ya nyuki na mizabibu. Hao wana nafasi ambazo mstaafu wa Unyambwa hana, lakini nyuki hawajui cheo cha mtu.

Kwa asiye na pensheni hesabu ni ngumu zaidi. Zanzibar ilianza pensheni jamii mwaka 2016 kwa kila aliyefikisha miaka 70, kwa Sh20,000 za mwezi. Huku Bara, mzee ambaye hakuwa na ajira rasmi hutegemea shamba na watoto. Kwake kuku watano na mizinga miwili si mradi wa kujifurahisha uzeeni, na njia nzuri ni kuingia kwenye kikundi ili chanjo, mavazi ya kurinia na usafiri wa sokoni vigawanywe.

Kama una miaka 45 au 50 na bado uko kazini, usingoje barua. Tumia likizo moja kutundika mizinga mitano kwenye shamba la familia na kumwachia ndugu anayeaminika. Utajifunza kwa fedha za mshahara, na makosa ya mizinga mitano ni madogo. Ofisi ya SIDO mkoani hutoa mafunzo ya usindikaji, na afisa ugani wa kata ndiye wa kumwona kwanza kuhusu mbegu na chanjo.

Mvua za Singida ni za msimu mmoja, huanza kati ya Novemba na Desemba na kuisha Aprili. Anayetaka alizeti ya mwaka huu awe na mbegu ndani kabla ya Novemba kuisha, na mizinga itundikwe kabla maua hayajafunguka.