Mto Nao Una Fungu Lake
Sehemu ya Pili: Ningu, mafunjo na akiba ya maji

Wiki iliyopita tuliyafuata maji kutoka vilima vya Nandi na msitu wa Mau hadi Ghuba ya Winam, tukaitaja mito mikubwa inayolilisha ziwa upande wa Kenya: Nzoia, Yala, Nyando, Sondu-Miriu na Kuja. Leo tunalikabili swali linalozuka uwanda wa Kano kila kiangazi, mpunga unapolilia maji: kwa nini mto uachwe umwagike ziwani bure?

Neno “bure” ndilo linalotupoteza. Mtazame ningu. Samaki huyu huishi ziwani, lakini hatagi humo. Mvua za masika zikishika, maji ya mto yakafura na kugeuka rangi, ningu hupanda mto kwa makundi, akaingia kwenye majani yaliyofunikwa na mafuriko na kutaga. Vifaranga hukulia kwenye maji hayo ya kina kifupi, kisha huyafuata yanaporudi mtoni na ziwani. Zamani majira hayo yalikuwa neema kwa watu wa kando ya mto. Waliwatega ningu kwa migono, wakawabanika na kuwakausha kwa akiba. Katikati ya karne iliyopita zikaja nyavu za kutega midomoni mwa mito, zikawanasa kabla hawajataga. Leo kumwona ningu sokoni ni bahati.

Nyavu zina lawama yake, lakini ningu anatufundisha jambo jingine. Mto una majira yake, na viumbe huyasoma. Ukiufanya utiririke sawasawa mwaka mzima, hata kama jumla ya maji haikupungua, ningu hatajua lini apande. Ndiyo maana wataalamu wakizungumzia mtiririko wa kimazingira huuliza mambo matatu kwa pamoja: maji kiasi gani, safi kiasi gani, na yaje lini.

Sheria yetu inalijua jambo hili. Afrika Kusini ilitangulia mwaka 1998 kuuwekea mto fungu lake kisheria. Sheria ya Maji ya Kenya ya 2002 nayo ikaweka akiba, na ile ya 2016 ikaiendeleza. Akiba hiyo ina sehemu mbili: maji ya mahitaji ya lazima ya binadamu, na maji ya kulinda viumbe na mazingira ya majini. Ni kama mirathi. Deni la marehemu hulipwa kwanza, ndipo warithi wagawane. Shamba, kiwanda na hata mji wa Kisumu ni warithi. Akiba ni deni.

Deni hilo hupimwaje? Kwenye kituo cha vipimo husimamishwa mtoni ubao wenye tarakimu, na msomaji huandika kina cha maji katika daftari. Kina hicho hugeuzwa kuwa mita za ujazo kwa sekunde. Sasa chukua siku 100, uzipange kuanzia yenye maji mengi hadi yenye maji haba. Kiasi cha siku ya 95 ndicho ambacho kanuni za mwaka 2007 zilikiweka kuwa kima cha chini, mtu asikiguse.

Hesabu hiyo ni nzuri, ila ina upungufu wake. Inauzuia mto usikauke, lakini haimwiti ningu. Kima hicho ni cha kiangazi, na mwenye kutaga mafurikoni anahitaji mafuriko.

Tazama Sondu-Miriu. Mtambo wake wa umeme wa megawati 60 hauna bwawa kubwa la kuhifadhi maji. Mto huchepushwa, ukapita ndani ya mlima kwenye handaki la zaidi ya kilomita 6, ukateremkia Nyakach. Chini yake mtambo wa Sang'oro, wa megawati 21, huyatumia maji yaleyale kabla hayajarudi mtoni. Kati ya mlango wa handaki na mahali maji yanaporudi kuna mkondo wa zamani, wenye maporomoko ya Odino. Mvua zikiwa nyingi, handaki hushiba na mkondo ukapata wake. Kiangazi kikikaza, kila tone liingialo handakini limeondolewa kwenye mkondo ambako watu huteka maji na ng'ombe hunywa. Hapo akiba huacha kuwa maneno ya kitabuni. Hutegemea mlango wa maji umefunguliwa kiasi gani, na umeme kidogo lazima usamehewe.

Maji yakifika mwisho wa safari, mdomoni mwa Nyando au pale Dunga, huyakuta mafunjo yaliyozidi kimo cha watu wawili. Mizizi yake imesukana mithili ya mkeka. Maji mekundu yakiingia humo hupunguza mwendo na kuangusha tope, na mizizi hufyonza mbolea iliyosombwa mashambani. Mbolea inayopenya hulisha gugumaji, lile lililofunga ghuba na kukwamisha mashua katika miaka ya 1990. Mafunjo yakikatwa kwa kusuka mikeka huchipua tena. Yakichomwa na kulimwa, hakuna kichujio. Na mto ukijengewa kingo hadi ziwani, maji huyapita mafunjo bila kubisha hodi, na tope lake lote likaishia kwa wavuvi.

Msomaji mwenye pampu kando ya Nyando asijione mshitakiwa. Anayo haki ya maji, ila baada ya deni. Penye chama cha watumiaji maji, nenda mkutanoni ukaulize mawili: akiba ya mto wetu ni mita ngapi za ujazo kwa sekunde, na ubao wa kipimo ulisomwa lini mara ya mwisho? Pasipo na jibu la maswali hayo, vibali vinagawa mali ambayo hakuna aliyeihesabu.

(Itaendelea)