Buigiri

Buigiri ni kata ya Wilaya ya Chamwino katika Mkoa wa Dodoma, Tanzania. Iko kando ya barabara kuu ya Dodoma–Morogoro, zaidi ya kilomita 30 mashariki mwa jiji la Dodoma.

Wenyeji wengi ni Wagogo, wakulima na wafugaji. Mvua hunyesha kwa msimu mmoja tu, kuanzia Desemba hadi Aprili, kwa wastani wa milimita 600 hivi. Kwa sababu hiyo hulimwa zaidi mazao yanayostahimili ukame, yaani mtama, uwele, karanga na alizeti. Mvua ikikatika mapema, chakula huwa haba. Njaa inayokumbukwa zaidi katika Ugogo ni Mtunya (1917–1920): ukame ulikuja baada ya majeshi ya Vita Vikuu vya Kwanza kuchukua nafaka, mifugo na wapagazi.

Mwaka 1950 Kanisa Anglikana lilianzisha hapa shule ya wasioona, ambayo ndiyo chanzo cha elimu maalumu nchini. Watoto waliokuwa wakibaki nyumbani walianza kusoma kwa maandishi ya nukta nundu.

Wilaya ya Chamwino ilitokana na Wilaya ya Dodoma Vijijini mwaka 2007. Katika sensa ya 2012 ilikuwa na wakazi 330,543. Jirani na Buigiri iko Chamwino, kijiji cha ujamaa enzi za Mwalimu Nyerere. Ikulu mpya ya Chamwino ilizinduliwa tarehe 20 Mei 2023.