Unataka kuuza Mbeya na Iringa? Lijaribu dodoso lako kwanza

Chukua mfano huu. Kikundi cha akina mama wa Mbarali kinataka kufungasha mchele kwenye pakiti za kilo tano na kuupeleka Iringa mjini. Kabla ya kuomba mkopo wa asilimia 10 wa halmashauri, kinatuma vijana wawili na karatasi ya maswali. Wanahojiwa watu 100, na 90 wanasema watanunua.

Mkopo unatoka, pakiti zinachapishwa, mzigo unafika. Miezi miwili baadaye pakiti zipo palepale dukani, na marejesho yanadaiwa.

Watu wale 90 hawakudanganya. Shida ilianzia kwenye swali lenyewe: "Je, utanunua mchele mzuri wa Mbeya kwa bei nafuu?" Nani atasema hapana? Mgeni kapiga hodi, kasalimia "kamwene" kwa adabu, kakaa kwenye kiti. Jibu la heshima ni ndiyo.

Swali likibadilika, jibu nalo hubadilika

Mwaka 2007 na 2008 watafiti, wakiwemo Kathleen Beegle wa Benki ya Dunia na Joachim De Weerdt, walifanya jaribio hapa Tanzania kwa kaya zipatazo 4,000. Walitaka kujua watu wanakula kiasi gani, lakini waliuliza kwa njia nane tofauti. Baadhi ya kaya ziliandika daftari kila siku. Nyingine ziliulizwa kuhusu siku 7 zilizopita, nyingine siku 14. Wapo waliosomewa orodha ndefu ya vyakula, na wapo waliosomewa fupi.

Nchi ni moja, kipindi ni kimoja, na kaya ziligawanywa kwa bahati nasibu. Hata hivyo, kiwango cha njaa kilitoka asilimia 19 kwa njia moja hadi 68 kwa nyingine. Kama namna ya kuuliza inaweza kuyumbisha takwimu za njaa kiasi hicho, pakiti ya mchele haiwezi kusalimika.

Anza na uamuzi

Kabla ya kuandika swali lolote, andika unachotaka kuamua. Kwa kikundi kile, maamuzi ni matatu: pakiti iwe ya kilo ngapi, iuzwe shilingi ngapi, na iuzwe wapi. Swali lisilosaidia uamuzi hata mmoja, lifute. Muuza nyanya wa Mlandege hana nusu saa ya kumpa mtu asiyemjua.

Maswali yanayoponza

Swali la kusifia. "Unakubali kwamba mchele wa Kyela ni mtamu kuliko wote?" Hapo umeshamjibia. Tena Iringa wana mchele wao wa Pawaga na Idodi. Uliza hivi: "Mara ya mwisho ulinunua mchele wa wapi?"

Swali lenye vichwa viwili. "Bei na ladha ya mchele unaonunua ni nzuri?" Anayependa ladha lakini bei inamuumiza ajibu nini? Yatenganishe.

Swali la kesho. "Utanunua?" ni ahadi ya bure. "Mara ya mwisho ulinunua lini, kiasi gani, kwa bei gani?" linamrudisha mtu kwenye jambo alilolifanya kweli.

Swali la kumbukumbu ndefu. Hakuna anayekumbuka kilo alizokula mwaka mzima. Wiki iliyopita inakumbukika. Zingatia pia msimu: Januari ni mwezi wa ada na sare za shule, kwa hiyo manunuzi ya mwezi huo si ya kawaida.

Majibu yanayogongana. Ukiandika umri "18–25" kisha "25–35", mwenye miaka 25 aende wapi?

Sado, debe na lumbesa

Hapa ndipo madodoso mengi ya Nyanda za Juu Kusini yanapokwama. Karatasi inauliza "kilo", wakati mama ntilie ananunua kwa sado au debe, tena lililojazwa kwa kilima. Ukiuliza "magunia mangapi" kwenye soko la viazi, mmoja atahesabu gunia la kawaida, mwingine atahesabu lumbesa, ingawa Wakala wa Vipimo wanaipiga vita. Wote wataandikwa "gunia moja", na hesabu yako itakuwa imeharibika bila wewe kujua.

Dawa yake ni kumwacha mtu ataje kipimo anachotumia, ukiandike kama alivyokitaja. Baadaye nenda sokoni na mizani, pima sado la Mwanjelwa na la Iringa, ndipo ugeuze kuwa kilo.

Namna ya kujaribu

Serikali yenyewe hujaribu. Sensa ya Agosti 23, 2022 ilitanguliwa na sensa ya majaribio mwaka 2021. Kwa biashara ndogo, watu 10 hadi 20 wanatosha, ili mradi wasiwe ndugu na marafiki. Wagawe: nusu Mbeya, nusu Iringa, kwa sababu neno linaloeleweka Uyole linaweza kumchanganya mtu wa Kihesa. Kama kuna wazee wanaozungumza zaidi Kihehe, Kisafwa au Kinyakyusa, kubalianeni mapema swali litatafsiriwaje. Kila mhoji akitafsiri kichwani mwake, mtakuwa na madodoso mengi badala ya moja.

Wakati wa kujaribu, fanya haya:

1. Baada ya swali, mwambie mhojiwa: "Hebu nieleze kwa maneno yako, nimekuuliza nini?" Hapa ndipo makosa mengi hujianika.

2. Pima muda. Ikizidi dakika 15 sokoni, punguza.

3. Weka alama kila anaposita, anapocheka au anapouliza "unamaanisha nini?"

4. Angalia majibu. Swali ambalo wote wamejibu sawa, au wengi wamejibu "sijui", lina walakini.

5. Hamisha maswali ya kipato mwishoni. Ukianza nayo, watu watadhani umetoka TRA.

Rekebisha, kisha jaribu tena kwa watu wengine wachache. Majibu ya majaribio usiyachanganye na ya utafiti wenyewe.

Simu inasaidia, lakini haitoshi

KoboToolbox na ODK zinakusanya majibu kwenye simu hata pasipo na mtandao, na zinaruka zenyewe maswali yasiyomhusu mtu. Kutuma fomu WhatsApp ni rahisi, ila utawapata wenye simu janja na bando tu. Muuza genge atakosekana, na pengine ndiye mteja wako mkubwa.

Kumbuka pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023. Mweleze mtu taarifa zake ni za nini, omba ridhaa, na kama huhitaji jina wala namba yake, usichukue.

Gharama ya majaribio yote haya ni nauli, chai na siku mbili tatu za kazi. Majaribio yakionyesha kwamba Iringa wanataka kilo moja na si tano, kikundi kitabadilisha pakiti kabla hakijachapisha. Mkopo hautabaki umefungwa kwenye mifuko isiyouzika.